Sura ya Tisa: Picha Isiyo na Mhuri

"Marahaba. Lakini na hicho kitenge huingii," alisema mzee Damasi Tluway, akiwa ameuziba mlango wa studio yake kwa mwili mzima.

Inspekta Scholastica Amnaay alijitazama. Kitenge chake kilikuwa cha rangi ya chungwa, kipya, na asubuhi hiyo watu wawili walikwisha kukisifia. Katika miaka yake kumi na miwili ya upelelezi alikuwa amezuiwa milangoni kwa mbwa, kwa matusi, na siku moja kwa panga. Kuzuiwa kwa ajili ya kitenge ilikuwa mara ya kwanza.

"Kina kosa gani, mzee wangu?"

"Kinang'aa. Ukikaa mbele ya skrini yangu, hilo chungwa litarukia kwenye kioo, nami nitadhani limo kwenye picha. Chukua koti."

Koti lilikuwa la kijivu, na mzee mwenyewe alikuwa amevaa la kijivu. Kuta zilikuwa za kijivu, pazia la kijivu, na hata meza ilikuwa imepakwa rangi hiyohiyo. Kuanzia stendi ya Babati mpaka Nakwa watu walimtania kwamba siku akifa atataka jeneza la kijivu. Walimtania hivyo, lakini picha za harusi zao walimpelekea yeye azisafishe.

Scholastica alivaa koti, akafunga vifungo vyote, kisha akaweka vitu viwili mezani: sanduku la kadibodi lililofungwa kwa lakiri ya polisi, na picha kubwa iliyoviringishwa.

Ndani ya sanduku mlikuwa na sketi ya ngozi ya mbuzi iliyoshonwa shanga kwa mistari, kama walivyovaa mabibi wa zamani kule juu Mbulu. Ya kweli ilikuwa mali ya Bibi Marietha, aliyeirithi kwa bibi yake mzaa mama. Kamati moja ya maonyesho ilimwomba aiazimishe, ikaiweka kwenye kabati la kioo katika ukumbi wa kukodi kule Nangara. Siku ya ufunguzi Bibi Marietha aliinama mbele ya kabati, akatazama muda mrefu, kisha akasema kwa sauti iliyowafanya watu waache soda zao: "Hii siyo ya bibi yangu."

Aliyekamatwa alikuwa Xaveria, fundi shanga wa Sigino, ambaye wengi humwita Mama Brayan. Sketi ilikaa kwake siku tisa ili arekebishe mshono kabla ya kuikabidhi kwa kamati. Ana mikono ya kazi hiyo, ana shanga, na alikuwa na nafasi. Faili lilikuwa limenona. Mkuu wa upelelezi alikwisha kuamua: saa nane mchana mama huyo apelekwe mahakamani. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

Scholastica hakuwa na kitu cha kumtetea isipokuwa sentensi moja, ambayo Xaveria aliirudia kila alipohojiwa, bila chozi, akiwa amenyoosha shingo: "Aliyeshona hii hajawahi kuishika ile."

"Picha hii ni kazi yako?" Scholastica aliuliza, akiikunjua.

"Igeuze."

Nyuma, pembeni, palikuwa na mhuri wa zambarau wenye jina la Damasi Tluway.

"Mhuri upo," alisema mzee. "Basi ni yangu. Niliipiga nyumbani kwa Bibi Marietha Jumamosi, kabla sketi haijaenda kwa fundi."

"Kwenye picha yako shanga hizi ni bluu. Kwenye sketi iliyomo humu ni kijani. Nyeupe zako humu ni krimu. Nilimwonyesha Praygod, katibu wa maonyesho. Ameandika kwamba hiyo si hoja, kwa sababu studio za mitaani hugeuza rangi zipendavyo."

"Praygod ameandika hivyo?"

"Na kutia sahihi."

Damasi alivuta pumzi ndefu. Alikwenda kwenye pazia, akalifunga barabara, akawasha taa moja nyeupe, kisha akafungua droo na kutoa kitu cheusi chenye waya, kidogo kama kisahani cha sabuni.

"Kaa hapo, Inspekta. Usiongee mpaka nimalize."

Alikining'iniza kile kitu mbele ya skrini, kikagusa kioo. Skrini ikawa nyekundu, ikawa kijani, ikawa bluu, ikapita kwenye vijivu kumi na vitano kuanzia weusi mpaka weupe. Kila rangi ilisimama kidogo, kile kitu kikaisoma, ikaondoka.

"Hiki ni kipima rangi," alisema Damasi. "Kinaiuliza skrini: nyekundu yako ni nyekundu kweli? Ikikosea, kompyuta inaisahihisha. Kila Jumatatu nafanya hivi, hata chai sijanywa. Unajua kwa nini?"

"Niambie."

"Kwa sababu skrini mpya ni mwongo. Inatoka dukani na bluu nyingi na mwanga mkali, ili ikupendeze. Fundi asiyepima anaona bluu, anadhani ni ya picha, anaipunguza. Anaona mwanga umezidi, anaupunguza nao. Karatasi ikitoka kwenye printa, picha ina unjano, tena ina giza. Halafu analaumu printa. Maskini printa imefanya ilichoambiwa."

Alisema hayo kwa raha ya mtu anayeeleza ukoo wake. Scholastica aliandika neno "unjano" kwenye kidaftari chake, akaandika na "giza".

"Sawa, mzee. Lakini wakili atasema hayo ni maneno ya mwenye duka."

"Atasema. Ndiyo maana huwa naweka shahidi."

Kutoka kwenye boksi la bahasha alichomoa moja iliyoandikwa jina la Bibi Marietha, akamwaga juu ya karatasi nyeupe shanga tatu: moja ya bluu, moja nyeupe, moja ya rangi ya damu ya mzee.

"Kila ninachokwenda kukipiga, namwomba mwenyewe kipande chake. Uzi wa gauni, unyoya, chochote. Nakaa nacho mpaka picha isafishwe ifanane nacho. Hizi zilidondoka siku ile tulipoitandaza sketi, Bibi akanipa. Hajarudi kuzichukua."

"Weka juu ya picha."

Damasi aliziweka kwa kibano, kila moja juu ya mstari wake. Scholastica alilazimika kuinama ili azione, kwa jinsi zilivyojificha kati ya zile za kwenye karatasi. Kisha akakata lakiri, akaandika saa na jina lake kwenye fomu ya kielelezo, akaitandaza sketi chini ya taa. Zile shanga zilipowekwa juu yake, zilionekana wageni kabisa.

"Picha inasema kweli," alisema Scholastica.

"Picha yangu," Damasi alisahihisha.

Inspekta alitabasamu kidogo, lakini hakuacha kutazama. Hilo la sketi kuwa bandia lilikwisha kujulikana. Kilichomsumbua ni namna ilivyokosewa.

"Fundi akiishiwa bluu, ataweka kijani. Hilo naelewa. Lakini huyu hakukosea rangi moja, amekosea zote, na zote zimeegemea njano. Bluu imekuwa kijani, nyeupe imekuwa krimu. Tena hesabu mistari. Picha yako ina minane. Hii?"

Damasi alihesabu kwa ncha ya kibano. "Saba."

"Unaokosekana ni upi?"

"Wa chini kabisa. Wa damu ya mzee." Aliinama zaidi, pua yake ikakaribia kuigusa ngozi. Kisha akavua miwani, akaanza kuifuta. "Sijui, Inspekta. Mimi ni mpiga picha tu."

Scholastica aliiweka kalamu chini. Kwa nusu saa nzima mzee huyu hakuwa amesema "sijui" hata mara moja, na neno "tu" halikuwa neno lake.

"Hizi ni nini?" aliuliza, akielekeza kidole kwenye vipande vyembamba vya picha vilivyobanwa kwenye waya ukutani, kila kimoja na tarehe.

"Vya majaribio. Nikipima skrini nasafisha kipande kimoja, nakihifadhi."

"Kila Jumatatu."

"Kila Jumatatu."

Scholastica alivipitia taratibu, kimoja baada ya kingine. Jumatatu, Jumatatu, Jumatatu. Kwenye mwezi ambao sketi ilipigwa picha, kidole chake kikasimama.

"Hiki ni cha Jumatano."

Damasi alikichukua kibano chake, akakirudisha mezani.

"Mzee Damasi, kwa nini ulipima Jumatano?"

"Skrini ya zamani iliungua Jumatatu, umeme uliruka. Niliagiza mpya Arusha. Ilifika Jumanne asubuhi."

"Ukaipima Jumatano. Na Jumanne, ulisafisha picha yoyote?"

Nje mtu alikuwa akipiga honi ya bodaboda, akaacha. Damasi alivaa miwani yake, akaivua tena.

"Moja," alisema.

"Ya sketi."

"Ya sketi. Praygod alikuja saa sita, gari la Arusha linamsubiri, anataka picha kubwa, anaitaka sasa hivi. Nikamwambia njoo kesho, skrini sijaipima, mpya lazima iwake mchana kutwa kwanza. Akasema, mzee, wewe macho yako yanatosha." Damasi alicheka bila furaha. "Alinisifia, nami nikavimba kichwa. Nikarekebisha kwa macho. Ilipotoka nikajua papo hapo. Nilitaka kuichana, akaikamata mkononi mwangu, akasema inamtosha. Nikamwambia ichukue, ila mhuri wangu siuweki hapo. Miaka kumi na saba, Inspekta. Picha mbaya iliyotoka kwenye mlango huu ni hiyo moja."

"Unayo bado kwenye kompyuta? Kama ulivyoirekebisha?"

"Makosa yangu sifuti. Nayaweka ili yaniadabishe."

"Isafishe tena."

Printa ilinguruma kama dakika saba. Karatasi ilipotoka, hakuna aliyehitaji kueleza kitu. Scholastica aliilaza kando ya sketi ya bandia, na rangi zikakutana, kijani kwa kijani na krimu kwa krimu. Chini kabisa, pale penye mstari wa nane, damu ya mzee ilikuwa imezama kwenye giza la ngozi, usingejua kama kulikuwa na shanga.

"Aliyeshona hii hajawahi kuishika ile," alisema Scholastica polepole. "Mama Brayan aliniambia tangu siku ya kwanza, nami nikadhani ni majivuno. Aliichukua sketi lini?"

"Jumatatu. Bibi alinipigia simu akaniambia imeshakwenda kwa fundi."

"Kwa hiyo Jumanne sketi ya kweli iko Sigino, mikononi mwake. Mwenye kitu mkononi hahangaiki na picha yake. Aliyehitaji picha ni yule ambaye sketi hakuwa nayo." Alitazama saa. Ilikuwa saa tano kasoro. "Nahitaji mhuri wako nyuma ya karatasi hii, mzee."

Damasi alirudi nyuma hatua moja.

"Maelezo nitakupa, sahihi nitaweka. Mhuri, hapana."

"Bila mhuri ni karatasi ya mtu yeyote."

"Na ukiwepo, itaning'inizwa mahakamani ikiwa na jina langu! Hakimu aione, makarani waione, kesho soko zima linasema kumbe hata Damasi. Niombe kingine."

Scholastica alimjua mtu wa namna hii. Alizaliwa na mmoja. Ukimsukuma anakuwa jiwe. Akaiviringisha picha mbaya, akaifunga sketi kwenye sanduku lake.

"Sikulazimishi. Ila twende wote Nangara, utambue mteja wako."

* * *

Praygod alikuwa ofisini kwake nyuma ya ukumbi, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata, kabati la chuma nyuma ya kiti. Aliposikia hodi alisimama haraka.

"Afande, karibu. Mzee Damasi, shikamoo. Mnatumia chai?"

"Tumeshakunywa," alisema Scholastica. Konstebo Irine, waliyempitia kituoni pamoja na hati ya upekuzi, alikaa kwenye benchi na kufungua daftari la maelezo. "Nina maswali machache. Ulipokea picha ngapi za sketi kutoka kwa mzee huyu?"

"Moja. Ile ya kwenye ukumbi. Alhamisi."

"Yenye mhuri."

"Yenye mhuri, ndiyo."

"Jumanne ya wiki hiyo ulifika studio?"

"Jumanne nilikuwa Arusha, kuna mambo ya maonyesho."

Scholastica aliikunjua ile picha juu ya meza. Praygod aliitazama kwa kitambo kidogo tu, kisha akamtazama Inspekta.

"Hii umewahi kuiona?"

"Sijawahi."

"Mzee anasema alikusafishia kama hii Jumanne, saa sita."

Praygod aliigeuza karatasi kwa vidole viwili. Nyuma palikuwa peupe. Tabasamu lake likapanuka taratibu.

"Afande, kwa heshima zote. Babati nzima inajua kwamba kazi ya mzee Damasi ina mhuri. Ni mwenyewe anayetuambia kila siku: bila mhuri, si yangu. Picha hii haina mhuri. Sasa inatoka wapi? Mimi sijui, na nadhani hata yeye akiulizwa mahakamani, ataona aibu kusema ni yake. Tazama ilivyo mbaya!"

Konstebo Irine aliacha kuandika. Scholastica hakumtazama hata Damasi, kwa kuwa aliona hapo hapakuwa na kazi ya polisi; uamuzi ulikuwa wa mzee.

Damasi alikuwa bado na koti lake la kijivu. Alisimama katikati ya chumba akiitazama ile karatasi, unjano wake, giza lake, mstari wa nane uliozama. Scholastica alimwonea huruma kweli. Kisha mkono wa mzee ukaingia mfukoni.

Mhuri ulikuwa humo, ulikuwa humo siku zote. Aliupulizia pumzi mara mbili, akausimamisha sawasawa pembeni mwa karatasi, akaukandamiza kwa nguvu mpaka meza ikalia.

"Ni yangu," alisema. "Mbaya, na ni yangu. Niliirekebisha Jumanne kwa skrini ambayo sikuipima, kwa sababu ulinisifia nami nikakubali kusifiwa. Nitasema hivyo mbele ya hakimu, na mbele ya soko, na kanisani wakitaka. Andika, binti yangu."

Irine aliandika.

Praygod alikuwa ameukodolea macho ule mhuri wa zambarau. Wino ulikuwa bado unang'aa.

"Nilimpa Xaveria!" alisema ghafla. "Hiyo picha. Nilimpa Xaveria imsaidie kwenye marekebisho."

"Ipi?" aliuliza Scholastica.

"Hiyo hapo."

"Ambayo hujawahi kuiona."

Praygod alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati.

"Na Mama Brayan alikuwa na sketi tangu Jumatatu," Scholastica aliendelea, sauti yake ileile. "Ameipakata usiku na mchana. Picha yake, tena ya giza kiasi hiki, ingemsaidia nini? Aliyesaidiwa ni fundi wako wa Arusha, ambaye ulimpelekea karatasi kama hii mchana uleule. Naye ni fundi hodari, hukudanganywa. Alishona kila alichokiona. Kilichozama kwenye giza hakukishona. Kabati hilo lina nini?"

"Mafaili."

"Fungua."

"Funguo nimeziacha nyumbani."

"Ziko kwenye mkanda wako."

Walimsubiri mwenyekiti wa mtaa afike awe shahidi wa upekuzi, kama sheria inavyotaka, kisha Irine akalifungua kabati. Nyuma ya mafaili, ndani ya bango la maonyesho lililokunjwa, lenye maandishi "Tuenzi Vitu vya Bibi Zetu", palikuwa na sketi ya ngozi. Damasi hakuigusa. Alitoa bahasha yake, akaweka zile shanga tatu juu yake, na zikapotea kati ya nyingine.

"Mnunuzi anakuja lini?" aliuliza Scholastica.

"Jumamosi," alijibu Praygod, akitazama sakafu.

* * *

Ilikuwa saa saba na dakika arobaini Xaveria alipotolewa mahabusu. Gari la kwenda mahakamani lilikuwa limeshawashwa uani. Mkuu wa upelelezi mwenyewe alikwenda kumwambia dereva alizime, na kwa mkuu yule, hiyo ilikuwa ndiyo samahani.

Scholastica aliitandaza sketi juu ya kaunta. Xaveria hakuitazama. Alifumba macho, akaweka kidole kwenye mstari wa juu, akashuka taratibu, midomo ikihesabu. Kidole kilipofika chini kabisa, kwenye shanga ambazo ungelazimika kuzitafuta kwa macho, kikasimama.

"Nane," alisema, akafumbua macho. "Huu wa mwisho nimeukaza mimi. Nilikwambia, Inspekta. Mkono wangu ukishika kazi ya bibi, haukosei rangi."

"Uliniambia, Mama Brayan. Nilichelewa kukusikia. Nisamehe."

"Umesikia kabla ya saa nane. Yatosha." Alijifunga khanga yake upya, akajinyoosha, akaonekana mrefu kuliko alivyoingia. Kisha akaiona picha mbaya juu ya meza ya vielelezo. Aliigeuza, akausoma mhuri, akamtazama mzee aliyekuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono magotini.

"Mzee Damasi. Umeweka jina lako hapa?"

"Nimeliweka."

Xaveria aliilaza karatasi chini polepole, uso wa mhuri ukiwa juu, akamfuata pale benchi, akapiga goti kidogo kumwamkia kama binti anavyomwamkia baba.

"Shikamoo, baba. Nataka unipige picha mimi na hii sketi, pamoja na Bibi Marietha. Kubwa, niitundike nyumbani."

Damasi aliinuka, akalinyoosha koti lake la kijivu.

"Marahaba, mwanangu. Njoo Jumatatu," alisema. "Lakini usije mapema. Nitakuwa napima skrini."